Yuko Wapi Mwenzetu?

  Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu mtaona si la mahubiri. Ni habari ya watu waliosoma pamoja kukutana tena baada ya miaka mingi, na habari ya kuwatafuta marafiki wa zamani wasije wakapotea kabisa.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya majira yenyewe. Mwezi wa Desemba ukikaribia, watu wengi katika nchi yetu hupata ujumbe wa kuwaita: "Sisi tuliomaliza mwaka fulani tutakutana shuleni siku fulani, njoo na bibi yako na watoto." Aliyefanya mtihani wa KCE mwaka wa 1984 alitimiza miaka arobaini ya kutoka shuleni mwaka wa 2024. Na wale waliofanya mtihani wa Cambridge katika miaka ya sitini wamekwisha kupita hamsini, wamekuwa wazee wenye wajukuu walio katika mfumo mwingine wa masomo kabisa. Miaka kama hiyo ikitimia, mtu huanza kuuliza: Yule wa kitanda cha juu yuko wapi? Yule tuliyekuwa tukigawana naye sabuni aliishia wapi?

Basi watu huja. Huingia kwa lile lango la zamani, wakaona miti waliyoipanda wenyewe siku ya adhabu imekuwa mikubwa kuliko paa la bweni. Hutafuta kile kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya chini ya mti, kilichokuwa kengele ya shule, wakaambiwa siku hizi kuna kengele ya umeme. Hukumbushana githeri ya Jumatano na wale wadudu wake. Wale wa mwaka wa 1984 hawakosi kutaja mahindi ya manjano, kwa maana huo ndio mwaka wa ukame mkubwa, serikali ikaagiza mahindi kutoka ng'ambo, na ugali wa manjano ukaingia katika kila bwalo. Watu wengine walisema hawataula kamwe. Njaa ya saa saba mchana iliwafundisha vingine.

Nao huitana kwa majina ya utani. Mtu ambaye kwao ni mzee wa kanisa, ambaye hata mchungaji humwita kwa heshima, husikia mtu akimwita kutoka upande wa pili wa uwanja kwa jina la mnyama, akageuka na kucheka mpaka machozi. Twafikiri hilo ni jambo jema. Ni vizuri mtu mzima awe na mahali pamoja duniani ambapo cheo chake hakijulikani.

Lakini tusifanye haraka kusifu. Kwanza tukumbuke jinsi watu walivyokuwa wakitafutana hapo zamani, kabla ya simu za mkono.

Njia ya kwanza ilikuwa barua. Katika nchi yetu posta haikuleta barua mlangoni, bali mtu alikuwa na sanduku, au alitumia sanduku la shule ya msingi ya kwao, au la kanisa, au la duka la mtu anayemfahamu. Mwanafunzi akimaliza kidato cha nne aliandika katika daftari za wenzake sanduku la posta la nyumbani kwao, maana hakujua yeye mwenyewe angekuwa wapi mwaka ujao. Barua ilisafiri mpaka mji mdogo, ikachukuliwa na mwalimu, mwalimu akampa mtoto wa jirani, na yule mtoto akaibeba ndani ya kitabu cha hesabu mpaka nyumbani. Ilichukua majuma matatu. Hata hivyo ilifika, na ilisomwa mara nyingi.

Njia nyingine ilikuwa redio. Wengi wenu mnakumbuka salamu za wasikilizaji katika Sauti ya Kenya, ambayo tangu mwaka wa 1989 inaitwa KBC. Mtu alinunua kadi ya salamu, akaandika majina ya wale anaowasalimu popote walipo, kisha akangoja jioni baada ya jioni karibu na redio ya betri akitega sikio. Mtu wa Kakamega aliweza kusikia jina lake likisomwa, akajua kwamba yule mwenzake aliyekwenda Mombasa yu hai na bado anamkumbuka. Na kwa redio iyo hiyo, katika matangazo ya vifo, ndipo wengi wetu tuliposikia kwa mara ya mwisho jina la mtu tuliyeketi naye dawati moja. Tangazo lilipita upesi, likafuata la mtu mwingine, nasi tukabaki tumeshika kijiko.

Kulikuwa na mambo ambayo barua wala redio haikuweza kuyashinda. Wako wazee waliosoma wakati Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa sehemu za chuo kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, tangu mwaka wa 1963 mpaka 1970. Mkenya alilala chumba kimoja na Mtanzania, na Mganda akawa msimamizi wa arusi ya Mkenya. Kisha Jumuiya ikavunjika mwaka wa 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa tangu Februari mwaka huo mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba! Mtoto aliyezaliwa mpaka ulipofungwa alikuwa anasoma shule ulipofunguliwa. Marafiki wengine walivuka tena wakatafutana, na wengine walikuwa wamekwisha kuzoea kuishi bila wenzao.

Ndugu msikilizaji, ukitaka kuona kadi ya salamu katika Biblia, fungua Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 16. Watu wengi huiruka sura hiyo. Wasomaji kanisani huiogopa kwa sababu ya majina. Paulo alikuwa bado hajafika Rumi alipoandika, na waraka wenyewe una mafundisho mazito ambayo wanachuoni wangali wakiyachimba mpaka leo. Lakini alipofika mwisho hakutia sahihi na kufunga. Alianza kuwasalimu watu, zaidi ya ishirini, kila mtu kwa jina lake: Priska na Akila, Epaineto, Mariamu, Androniko na Yunia, Trifaina na Trifosa, Rufo na mamaye Rufo. Na wengi wao aliwatajia jambo lao. Huyu alifungwa pamoja naye, huyu alifanya kazi kwa bidii, na wale wawili walikuwa tayari kutoa shingo zao kwa ajili ya maisha yake. Yule mama wa Rufo, Paulo anasema amekuwa mama kwake pia. Pengine alimpikia. Hatuambiwi, nasi hatutaongeza.

Tazama basi kwamba Paulo hakuwasalimu "ndugu wote wa Rumi" kwa mara moja, jambo ambalo lingemwokolea wino. Alikumbuka mtu mmoja mmoja na lile alilotenda.

Siku hizi tuna njia nyingine. WhatsApp ilianza mwaka wa 2009, na haukupita muda kila darasa, kila ukoo na kila kamati ya arusi ikawa na kundi lake. Sisi hatuko miongoni mwa wale wanaolaani simu. Kwa simu, mama mjane aliye Turkana ameongea uso kwa uso na rafiki yake aliye Toronto, na wote wawili wakalia. Kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, mchango wa mazishi hufika kabla jeneza halijanunuliwa. Hayo ni mema, na Mungu ashukuriwe.

Ila katika makundi hayo kuna jambo moja linalotusumbua, na kwa ajili ya hilo tumeyaleta maneno haya yote.

Tunalijua kundi moja la watu waliosoma pamoja katika shule moja ya bweni ya wavulana. Jina la shule hatutalitaja, wala majina yao, kwa maana wako hai na baadhi yao wanasikiliza. Darasa lao lilikuwa la wavulana 42. Walipoanza kutafutana walipatikana 31. Saba walikuwa wamekufa, na wanne hawakujulikana walipo. Miongoni mwa wale 31 kulikuwa na daktari, walimu kadha, mkurugenzi wa idara, mchungaji, wakulima wa chai, na mwenye magari ya matatu. Kulikuwa pia na mmoja ambaye shuleni ndiye aliyekuwa mgonga kengele. Kwa muda wa miaka minne wenzake waliamka, walikula, waliomba na walilala kwa mkono wake. Baadaye alipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo. Katika miaka ya tisini viwanda vingi vya nguo vilifungwa, nguo za mitumba zilipojaa sokoni, na chake kilikuwa kimojawapo. Tangu hapo amekuwa fundi wa viatu katika soko moja dogo, chini ya mwavuli.

Ikatokea kwamba bibi ya mmoja wao alilazwa hospitali, na kundi likaanza mchango. Mnajua jinsi inavyofanywa. Mweka hazina huandika majina ya wote, moja mpaka thelathini na moja, na mbele ya kila jina huandika kiasi kilichotolewa. Kila jioni orodha huletwa upya ili watu "wakumbushwe". Huyu 10,000. Huyu 5,000. Huyu 2,000. Na ambaye hajatoa huwekewa kistari. Siku ya nne kulibaki vistari vitatu, siku ya sita kikabaki kimoja. Ndipo mtu fulani akaandika kwa mzaha kwamba mgonga kengele amelala, kengele haikulia. Watu wengi wakacheka, wakatia vile vikatuni vya kucheka.

Asubuhi kundi lilionyesha maneno machache kwamba fulani ameondoka.

Sasa sikilizeni yaliyosemwa. Mmoja alisema, "Ana maringo huyo." Mwingine alisema, "Hataki kusaidia wenzake." Wa tatu akasema kila mtu ana hiari yake. Kisha mtu akaleta video ya kwaya, na mazungumzo yakaendelea upande mwingine. Hakuna aliyemchukia. Hata yule wa mzaha hakukusudia mabaya. Ndivyo watu wanavyopotea katika siku zetu. Zamani mtu alipotea kwa sababu barua haikufika, na siku hizi hupotea mbele ya macho ya watu thelathini walioshika simu mikononi.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9, tunasoma habari ya mfalme Daudi na mwana wa rafiki yake. Daudi na Yonathani walikuwa wameapiana. Yonathani alikufa katika mlima wa Gilboa, na mwanawe Mefiboshethi alikuwa mtoto wa miaka mitano. Yaya wake aliposikia habari alimchukua akakimbia naye, na katika mbio zile mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Miaka ikapita. Daudi akawa mfalme, akapigana vita, akajenga nyumba. Ndipo siku moja akauliza kama amesalia mtu yeyote wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani.

Tumeisoma sura hii mara nyingi, na kila mara yatushangaza ni muda gani ulikuwa umepita. Maana Mefiboshethi alipopatikana alikuwa amekwisha kuwa na mtoto wake mwenyewe, jina lake Mika. Yaani yule mtoto wa miaka mitano alikuwa mtu mzima, mwenye nyumba, na alikuwa akikaa Lo-debari, katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri, kama mgeni. Kiapo kilikuwapo miaka hiyo yote. Upendo wa Daudi kwa Yonathani hatuna sababu ya kuutilia shaka, kwa maana alimlilia kwa maombolezo makuu. Lakini kupenda na kuuliza ni mambo mawili. Siku alipouliza ndipo Siba alipojibu mara moja, kwa kuwa alikuwa akijua muda wote.

Angalieni tena jinsi Mefiboshethi alivyokuja. Alianguka kifudifudi. Aliogopa. Alijifananisha na mbwa mfu. Wahubiri wengi hupita hapo upesi ili wafike kwenye meza ya mfalme, lakini sisi twaona hapo ndipo penye shida kwa watu wa kwetu. Aliyeanguka katika maisha haogopi njaa tu. Huogopa kutazamwa na wale waliomwona akiwa hajaanguka. Mtu asiyemfahamu huona fundi wa viatu tu. Mwenzake wa darasani humwona kijana yule aliyekuwa wa kwanza katika hesabu, na kando yake anamwona fundi wa viatu, na ile tofauti ndiyo inayochoma. Kwa hiyo usiseme, "Mbona haji, sisi hatujamkataza?"

Katika lile kundi alikuwapo mwalimu mmoja aliyestaafu, mtu mpole ambaye shuleni hakujulikana kwa lolote. Huyu hakuandika neno kwenye kundi. Alipiga simu ya yule fundi, akaikuta imezimwa. Akapiga tena baada ya juma moja, ikawa vile vile. Basi alitoa sanduku lake la bati, akatafuta daftari ya mwaka wa 1984, akaona sanduku la posta la shule ya msingi ya kwao. Akaandika barua kwa kalamu. Barua ilikaa shuleni miezi miwili, kwa maana siku hizi ni nani huenda kutazama sanduku? Lakini mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mzee katika kanisa la mahali pale, akaisoma bahasha, akauliza baada ya ibada kama kuna amjuaye mtu huyu. Mama mmoja akasema, "Huyo ni shemeji yangu, anashona viatu sokoni."

Mwalimu yule alipanda gari, akashuka, akatembea. Alimkuta amejiinamia kazini. Hakujitambulisha. Alivua kiatu chake cha kulia akamwambia soli imeachia, na kweli ilikuwa imeachia. Yule fundi alishona mpaka nusu ndipo akainua macho.

Walikaa pale mpaka soko lilipofungwa. Ndipo fundi alipomwambia neno ambalo mwalimu ametupa ruhusa kulisema hewani: kwamba hakuona haya kwa sababu ya umaskini, kwa kuwa umaskini ameuzoea, na hata watu wa kanisani kwake wanaujua. "Ila wengine walikuwa na hesabu mbele ya majina yao," alisema, "mimi nikawa na kistari. Siku sita nilikitazama." Tena alisema alikuwa na shilingi 200 za kutoa, lakini hakuweza kuziandikisha chini ya zile 10,000.

Ndugu zangu, Bwana wetu aliketi akaielekea sanduku ya hazina, akamwona mjane na senti zake mbili. Aliyeona ni yeye. 

Mwalimu aliporudi alizungumza na mweka hazina peke yake, si mbele ya watu. Tangu hapo lile kundi halina orodha. Mweka hazina huweka hesabu katika kitabu chake, huonyesha jumla tu, na mwenye kutaka kukagua huenda akakagua. Wengine walinung'unika kwamba bila orodha watu watalegea. Na kweli, mchango uliofuata ulipungua kidogo, hatuna haja ya kuficha. Wao wenyewe walikubaliana kwamba afadhali upungue.

Tunataka kuongeza maneno juu ya wasichana waliosoma pamoja, kwa maana shida yao ni nyingine na haitajwi sana. Mvulana hubaki na jina lake. Msichana akiolewa, mara nyingi jina lililo katika daftari ya shule halipo tena popote: si katika kitambulisho, si katika simu, si kanisani. Wenzake wakimtafuta kwa jina la baba yake, kule alikoolewa hakuna amjuaye kwa jina hilo, kwa kuwa anaitwa Mama fulani. Wako akina mama waliotafutana miaka ishirini kumbe wanakaa wilaya moja na kukutana katika mikutano ya Chama cha Akina Mama bila kujuana, kila mmoja akiwa na kitambaa chake kichwani na mwili wa utu uzima. Kwa hiyo, dada, ukimwandikia mwenzako wa zamani, taja jina lako la shuleni kwanza. Na nyinyi waume, bibi yako akikuambia kuna mkutano wa wale aliosoma nao, usianze kuhesabu nauli. Alikuwa na watu kabla hajakuwa na wewe.

Wako pia ambao hawataki kutafutwa kwa sababu ya mateso. Shule za bweni zilikuwa na ukatili wake, wakubwa wakiwatesa watoto wa kidato cha kwanza, wakiwanyang'anya blanketi usiku wa baridi. Mtu wa miaka 58 aweza kuwa bado anakumbuka ni nani aliyemmwagia maji. Kwa mtu kama huyo usimpelekee nyimbo za shule. Aliyemtesa ndiye anayepaswa kwenda, tena aende peke yake bila kundi. Paulo alimkataa Marko asiende naye safari ya pili, kwa kuwa Marko aliwaacha katika Pamfilia, na kwa ajili hiyo Paulo na Barnaba wakashindana hata wakatengana. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, akiwa kifungoni, ameachwa na Dema, Luka peke yake yuko pamoja naye, Paulo anaagiza Marko aletwe, maana amfaa kwa utumishi. Katikati ya hayo mawili ilipita miaka. Katika waraka kwa Wakolosai twamwona Marko tayari yuko karibu naye tena. Wapi walipatanishwa na ni nani aliyeanza kusema, Maandiko hayakutuambia.

Tena ni nani atakayekwenda chini, ikiwa kila mtu anatazama juu? Wasikilizaji wazee wanamkumbuka Carey Francis, aliyekuja kutoka Uingereza mwaka wa 1928 akafundisha Maseno, kisha akawa mwalimu mkuu wa Alliance kule Kikuyu tangu mwaka wa 1940 mpaka 1962. Wanafunzi wake wengi walikuwa wakubwa wa nchi hii ilipopata uhuru. Angaliweza kukaa katika sebule zao akanywa chai mpaka mwisho wa maisha yake. Yeye alikwenda Pumwani, katika mtaa wa watu wa hali ya chini hapa Nairobi, akafundisha kama mwalimu wa kawaida mpaka alipofariki mwaka wa 1966. Alikuwa mkali, na wako waliomwogopa kuliko kumpenda. Lakini baada ya mamlaka yale yote alikwenda mahali ambapo angepata vumbi la chaki tu.

Mtatuuliza kama yule fundi alikuja Desemba. Alikuja. Alivaa koti la kuazima lililompita mabega. Aliketi karibu na mlango, akala, akacheka kidogo jina lake la utani lilipotajwa, na saa kumi akaondoka ili asikose gari la mwisho. Yule aliyefanya mzaha alimsindikiza mpaka barabarani, nao walisimama hapo muda mrefu wakizungumza. Hatukusikia walisema nini. Kwenye kundi hajarudi, wala hakuna anayemsukuma. Mwalimu humpigia simu siku ya Jumapili jioni.

Wale wanne bado hawajapatikana. Mmoja alionekana mara ya mwisho Mombasa, akifanya kibarua bandarini, mwaka wa 1997. Mmoja inasemekana alivuka kwenda Uganda. Wa tatu baba yake alikuwa mhunzi, na kijiji chao kilihamishwa. Wa nne hakuna ajuaye neno lolote, ila alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na kitanda chake kilikuwa cha tatu kutoka dirishani. Mwalimu ameanza kuandika barua kwa makanisa, moja kila mwezi. Akipata jibu lolote atatuambia, nasi tutawaambia.